Taa Kuukuu za Kisangani: Historia Yake na Hadhari katika Kuzisafisha

Kisangani uko kaskazini ya Ikweta kwa nusu ya nyuzi tu. Jua huzama huko muda mfupi baada ya saa kumi na mbili jioni, iwe Januari au Julai, na usiku hudumu takriban saa kumi na mbili mwaka mzima. Katika mji wa namna hiyo taa si pambo. Hata hivyo, historia ya mji huu imezoea kuandikwa kwa kufuata majina ya wakubwa na mapigano yao: Stanley, Tippu Tip, Lumumba, Simba. Vyombo ambavyo watu wa kawaida waliviwasha kila jioni wakati mambo hayo yakitendeka havikupewa nafasi kubwa.

Makala haya yanaziangalia taa hizo kwa sababu mbili. Kwanza, taa ni hati. Umbo lake, chapa iliyogongwa kitakoni, aina ya utambi au ya waya wake, vyote hueleza ilitoka wapi, ilifika lini na ilitumiwa na nani. Pili, taa hizo sasa zinatolewa darini na maghalani, zinasuguliwa, zinaunganishwa na umeme upya na kurudishwa katika matumizi, mara nyingi na watu wasiojua kilichomo ndani yake. Taa ya mwaka 1950 iliyoning'inia kimya kwa miaka arobaini inaweza kumuua fundi katika nukta moja. Inaweza pia, bila kumdhuru mtu, kupoteza yote iliyokuwa ikiyaeleza kwa kusuguliwa kwa majivu na ndimu asubuhi moja.

Kabla ya kioo

Watu wa msitu na wa mto walikuwa na mwanga wao kabla ya kufika kwa biashara ya mbali. Utomvu mkavu wa miti ya msituni, hasa ule wa mti ambao wataalamu huuita Canarium schweinfurthii, huwaka kwa muda mrefu na kwa moshi mwingi. Ulifungwa kwa majani au magome ukawa mwenge. Mafuta ya mawese nayo yaliwashwa katika vyungu vidogo vyenye utambi. Taa za aina hiyo hazikuacha mabaki mengi, na huenda ndiyo sababu wanahistoria wa vyombo huanza hadithi yao kwa kuchelewa, pale kioo na bati vinapoingia.

Desemba 1883 Stanley alimwacha Mskoti mmoja, mhandisi Binnie, katika kisiwa kilicho karibu na maporomoko, na hapo ndipo kituo cha Stanleyville kilipoanzia. Mwaka 1887 Tippu Tip alifanywa gavana wa eneo hilo kwa mapatano yaliyofikiwa Zanzibar. Misafara yake ndiyo iliyokuwa imekwisha kuifikisha lugha ya Kiswahili kwenye ukingo huo wa magharibi, na ingawa vita vya 1892 hadi 1894 viliuvunja utawala wa wafanyabiashara hao, Wangwana na lugha yao walibaki.

Lugha hiyo ilibeba taa ndani yake. Kandili ni neno lililopitia Kiarabu, na nyuma ya Kiarabu liko candela la Kilatini. Fanusi pia limekuja kwa njia ya Kiarabu, ila asili yake ni Kigiriki. Mshumaa ni wa Kiarabu. Chemni, kile kioo kirefu kinachouzunguka mwali, ni chimney ya Waingereza iliyovikwa irabu. Utambi peke yake una sura ya Kibantu isiyo na shaka, jambo lisilostaajabisha: utambi unaweza kusokotwa popote penye pamba au nyuzi, lakini kioo kilipaswa kununuliwa. Anayesoma orodha hii fupi anasoma ramani ya biashara ya Bahari ya Hindi kwa karne nyingi.

Kwa upande mwingine, Kisangani uliletewa maneno kutoka mtoni. Kilingala kilipanda na meli kutoka magharibi, na ndani yake umeme huitwa lotiliki, yaani electrique la Kifaransa lililolainishwa. Mji huu ni mahali ambapo fanusi na lotiliki zimekutana, na wenyeji wake hawaoni tatizo kuyatumia yote mawili jioni moja.

Neno "petroli" na hatari yake

Karabai linastahili kuangaliwa kwa undani zaidi. Neno hili linahusishwa na carbide, ile kemikali ya kijivu ambayo ikidondoshewa maji hutoa gesi ya asetilini inayowaka kwa mwali mweupe. Taa za namna hiyo zilienea duniani tangu mwisho wa karne ya 19. Baadaye, taa za mafuta zenye pampu zilipozishinda sokoni, jina lilihamia kwazo, na leo msemaji wa Kiswahili akisema karabai huwa anafikiria taa ya pampu isiyo na carbide hata chembe. Kwa mwanaisimu huu ni mfano mzuri wa neno kubaki na kitu kubadilika. Kwa msafishaji ni onyo. Taa ya zamani yenye matangi mawili, moja juu ya jingine, ni karabai ya asili. Tangi la chini likiwa na mabonge ya kijivu, lisimiminiwe maji kamwe ili "kuloweka uchafu", kwa kuwa carbide iliyobaki ndani ya bati lililofungwa vizuri huweza kutoa gesi hata baada ya miaka mingi, na cheche moja inatosha. Hufunguliwa nje ya nyumba, kavu, mbali na moto.

Karabai ya pampu ina mambo yake. Mwanga wake hautoki kwenye mwali wenyewe bali kwenye kifuko cha wavu kinachotiwa joto mpaka kikang'ara. Uvumbuzi huo ni wa Carl Auer von Welsbach wa Austria, ambaye kufikia mwaka 1891 alikuwa amepata mchanganyiko uliofaa: karibu asilimia 99 ya oksidi ya thoriamu na asilimia 1 ya oksidi ya seriamu. Thoriamu ina mnururisho. Kifuko kizima kinachoning'inia mahali pake hakimdhuru mtumiaji kwa kiasi cha kutia hofu, lakini kikishawashwa mara moja huwa jivu laini, na jivu hilo likipulizwa huingia mapafuni na kukaa humo. Desturi ya mafundi kupuliza mabaki ya kifuko kwa mdomo ili kufungua njia ya hewa ndiyo tabia mbaya kuliko zote katika kazi hii. Mabaki hayo huondolewa kwa kitambaa kibichi, kitambaa hutiwa katika mkebe wenye mfuniko, na mikono huoshwa kabla ya kula. Vifuko vingi vinavyotengenezwa siku hizi havina thoriamu, ila taa kuukuu huja na akiba yake kuukuu, na akiba hiyo haina maandishi.

Hata hivyo, watu walioungua kwa taa za mafuta hawakuunguzwa na thoriamu. Wengi waliunguzwa na mafuta yasiyo yake, na hapa lugha yenyewe inahusika. Katika Kiswahili cha Dar es Salaam au Mombasa, petroli ni mafuta ya gari. Katika Kongo neno hilohilo limetoka kwenye pétrole ya Kifaransa, nalo humaanisha mafuta ya taa. Mafuta ya gari huitwa kwa jina la essence. Kwa hiyo sentensi "tia petroli katika taa" ni maagizo ya kawaida kabisa Kisangani, na Mombasa ni maagizo ya kujichoma. Tofauti hii isingekuwa na uzito kama maneno yasingesafiri. Lakini mafuta mengi ya mashariki ya Kongo huingia kwa barabara kutoka Uganda na Kenya, pamoja na madereva, mapipa na msamiati wao. Kamusi sanifu iliyoandikwa kwa kuangalia pwani tu, ikifunguliwa na mwanafunzi wa Kisangani, itamfundisha maana moja na kumnyima ile ya nyumbani kwao. Wanaoandaa vitabu vya kiada na maelekezo ya vyombo kwa ajili ya nchi zote za Kiswahili wangefanya vema kuliepuka neno hili na kuandika "mafuta ya taa" au "mafuta ya gari" waziwazi.

Kisayansi, tofauti ni hii: mvuke wa mafuta ya gari hushika moto hata katika baridi kali, ilhali mafuta safi ya taa hayatoi mvuke wa kutosha kuwaka mpaka yafikie joto la nyuzi 38 za Selsiasi au zaidi. Yakichanganywa kidogo tu na mafuta ya gari, kinga hiyo hupotea. Tangi la karabai iliyofufuliwa halina budi kukaushwa kabisa na kujazwa mafuta yanayojulikana yalikonunuliwa, kwa mara ya kwanza nje ya nyumba. Ngozi ya pampu iliyokauka hulainishwa kwa mafuta kidogo. Tangi lenye ufa au lehemu iliyoachia lisipigwe pampu hata kwa kujaribu, na lisichomelewe likiwa na mvuke ndani.

Umeme wa maporomoko

Reli ya kutoka Stanleyville hadi Ponthierville, sasa Ubundu, ilifunguliwa mwaka 1906 ili kuyakwepa maporomoko. Nusu karne ilipita kabla ya maji ya eneo hilo kutumiwa kuzalisha mwanga kwa wingi: kituo cha umeme cha mto Tshopo, kaskazini ya mji, kilianza kazi katikati ya miaka ya 1950, na mashine ya tatu ikaongezwa katika miaka ya 1970. Uwezo wake wote haukufika megawati 20. Usambazaji wa maji na umeme katika miji ya koloni ulikuwa mikononi mwa Regideso, shirika lililoundwa mwaka 1939. SNEL, shirika la taifa la umeme, lilianzishwa mwaka 1970.

Umeme wa kikoloni uligawanywa kama makazi yalivyogawanywa. Taa za kioo cha maziwa, vishikilio vya kauri, swichi nyeusi za bakelaiti, mikono ya shaba njano iliyopakwa nikeli au kromu, vilikuwa vitu vya nyumba za Wazungu, ofisi, hoteli na makanisa. Katika vitongoji vya Waafrika fanusi iliendelea. Si ajabu basi kwamba mabaki ya taa za umeme za miaka hiyo hutafutwa katika majengo ya Makiso kuliko Mangobo au Kabondo, na yeyote anayekusanya taa kuukuu za Kisangani kwa kuangalia uzuri tu atakusanya historia ya upande mmoja wa mji. Fanusi ya bati iliyopinda ina haki ileile ya kuhifadhiwa.

Ndani ya taa hizo mna jambo jingine la kihistoria. Waya za wakati huo zilikuwa za shaba nyekundu iliyofunikwa kwa mpira wa asili, kisha kusokotewa pamba au hariri. Shaba ya Katanga ilichimbwa na Union Minière, kampuni iliyoundwa mwaka 1906, na sehemu kubwa yake ikasafishiwa Ubelgiji. Mpira ndio uliokuwa utajiri na balaa ya Dola Huru ya Kongo kati ya 1885 na 1908, na soko lake la dunia lilikua kwa ajili ya matairi na pia kwa ajili ya kufunika nyaya za umeme. Malighafi za namna hiyo zilitoka Kongo kwa jasho na damu, na zikarudi zikiwa bidhaa za kununuliwa.

Mpira huo sasa ndio hatari kubwa. Mpira wa asili ukikaa miongo mingi karibu na joto la balbu hugeuka mgumu, hupasuka na kumomonyoka, huku pamba ya nje ikibaki nzima na kuudanganya macho. Fundi akiikunja waya kidogo tu ili kuisafisha, shaba hubaki tupu ndani ya pamba. Hakuna njia ya kuuponya mpira uliokufa. Waya zote za ndani hubadilishwa. Zipo za kisasa zilizofunikwa pamba kwa nje, kwa wapendao sura ya kale.

Zaidi ya hayo, zipo tabia za mitandao ya Kibelgiji ambazo fundi aliyejifunzia Nairobi au Kampala huenda asizifahamu. Ubelgiji hutumia kishikilio chenye parafujo, si kile cha pini mbili. Katika kishikilio cha parafujo ganda la nje ni sehemu ya njia ya umeme. Likiunganishwa kinyume, mtu anayekaza balbu anashika ganda lenye umeme. Tena, sehemu nyingi za Ubelgiji zilikuwa na mitandao ya volti 220 isiyo na waya mtulivu, ambamo nyaya zote mbili zina umeme. Katika mtandao kama huo swichi ya kukata waya mmoja huizima taa bila kuifanya salama. Asiyejua mtandao wa mtaa wake unavyofanya kazi hana budi kuchukulia kwamba nyaya zote mbili zinaua: umeme ukatwe kwenye swichi kuu, upimwe kwa kipimo kilichojaribiwa kwanza mahali penye umeme, na atakayekuwa kwenye swichi kuu ajue kwamba kuna mtu darini. Kukatika kwa umeme mjini si kinga. Fundi aliyeanza kazi kwa kuwa "hakuna umeme" anaweza kuukuta umerudi akiwa ameshika waya, na mara nyingi hurudi kwa mruko wa volti.

Taa za mirija zilizofuata baada ya Vita vya Pili vya Dunia zilileta sumu za aina nyingine. Kila mrija una zebaki; ukivunjika, madirisha hufunguliwa, watu hutoka, na vipande huokotwa kwa karatasi ngumu na kitambaa kibichi badala ya kufagiliwa vikiwa vikavu. Kapasita za taa hizo zilizotengenezwa kabla ya mwisho wa miaka ya 1970 huweza kuwa na mafuta ya PCB, ambayo Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001 uliyaweka miongoni mwa sumu za kuondolewa duniani. Ikionekana inavuja, isifunguliwe wala isichomwe. Vitambaa vyeupe vya kuzuia joto ndani ya taa kubwa huenda ni asbesto, navyo hulowanishwa na kuachwa bila kukwaruzwa. Rangi ya zamani iliyobanduka huweza kuwa na risasi, isipigwe msasa.

Kusafisha bila kufuta

Baada ya hatari kuondolewa, kazi yenyewe ni nyepesi na ya subira. Vumbi huondolewa kwa brashi laini kavu. Kioo hutolewa, huoshwa peke yake kwa maji vuguvugu na sabuni kidogo, hukaushwa kivulini. Maji yasifike kwenye kishikilio wala swichi. Masizi ndani ya chemni hutoka kwa kitambaa, na chemni yenye ufa haifai kuwashwa tena.

Chuma na shaba ndipo penye ubishi. Katika nyumba nyingi za Kiswahili shaba husuguliwa kwa ndimu na majivu, na kwa sinia la kila siku hakuna ubaya. Taa ni nyembamba kuliko sinia. Nikeli na kromu zilizopakwa juu yake ni utando tu. Asidi ya ndimu huingia kwenye vitobo vyake na mchanga wa majivu huumaliza. Kila usuguaji wa shaba njano huchukua kidogo cha shaba yenyewe, na cha kwanza kutoweka ni maandishi. Hasara hiyo hailipiki. Fanusi za Feuerhand, kwa mfano, ziligongwa jina la nchi zilikotengenezwa: iliyoandikwa "W. Germany" imetoka kiwandani katika kipindi cha Ujerumani iliyogawanyika, baina ya 1949 na 1990. Herufi hiyo moja inatosha kumwambia mtafiti kwamba fanusi iliyo mbele yake haikuwaka enzi za Vita vya Pili. Ikifutwa, kinachobaki ni bati linalong'aa.

Taa iliyotiwa waya mpya huongezewa waya wa ardhi ikiwa mwili wake ni wa chuma, kwani nyingi za zamani hazikuwa nao. Balbu za LED zimerahisisha mambo: joto lake ni dogo, hivyo kishikilio kikuukuu cha bakelaiti na kioo chenye umri wa bibi havichomwi tena kila usiku.

Umuhimu wa kutunza alama na vipande haukomei kwa watafiti wa vyombo. Kati ya tarehe 5 na 10 Juni 2000 majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana ndani ya Kisangani. Maelfu ya mabomu yaliuangukia mji, mamia ya raia waliuawa, kanisa kuu la Notre-Dame liliharibiwa, na mji ukakosa umeme na maji. Mahakama ya Kimataifa ya Haki huko The Hague iliihukumu Uganda kuwa na hatia tarehe 19 Desemba 2005, na tarehe 9 Februari 2022 ikaitaka ilipe dola milioni 325: milioni 225 kwa madhara ya watu, 40 kwa mali, na 60 kwa maliasili. Dai la Kongo kuhusu mali ya SNEL lilikataliwa, kwa kuwa ushahidi uliotolewa haukutosha kuonyesha hasara ilivyokuwa. Shirika lililokuwa na mitambo, nyaya na nguzo halikuweza kuithibitisha hasara yake mbele ya mahakimu. Uhaba wa namna hiyo wa kumbukumbu huwakuta pia wenye nyumba, parokia na shule.

Ndiyo sababu taa inayotolewa darini Kisangani hupigwa picha kabla ya kuguswa, ikiwa mahali pake, pamoja na tundu au mkwaruzo wowote uliopo. Chapa hunakiliwa kwa penseli juu ya karatasi nyembamba. Jina la mtaa, la jengo na tarehe huandikwa. Waya zilizotolewa hukatwa ncha zote mbili ili mtu mwingine asizitumie tena, hutiwa katika mfuko pamoja na karatasi hiyo, na mfuko hufungwa.